Koti la Mwenye Nyumba

Mzee Kyando alikuja mwenyewe kuona kama kweli chumba alichompangisha Tumpe kilikuwa na baridi ya kulalamikiwa.

"Karibu, baba. Lete koti nikutundikie."

Angekataaje, naye ni mgeni? Tumpe akalitundika kwenye msumari kando ya dirisha, akammiminia chai.

"Mbona pazuri tu," alisema mzee, kikombe kakikumbatia kwa viganja vyote viwili. "Mlango ukifungwa hapa pana joto."

"Umefungwa, baba."

Mzee aligeuka. Mlango ulikuwa umefungwa, tena kwa komeo. Ndipo alipoliona koti lake likiyumba ukutani.

Aliinuka, akapitisha kiganja kwenye ufa wa dirisha, kisha akainama kutazama meko yaliyojaa vumbi. Bomba la moshi lilikuwa limeziba, na barua tatu za Tumpe zilikuwa zimelisema hilo.

"Haya ni ya kwangu," alisema. "Kesho naleta fundi. Dirisha na bomba."

Tumpe, akitabasamu, alinyoosha mkono kulishusha koti.

"Liache, mama. Nitalifuata likitulia."

Akatoka na shati tupu kwenye ukungu, na nyuma yake mkono wa koti ukawa unampungia.