Tawi la Mgunga

Saa nzima Natalia alikuwa amelivuta chini tawi la mgunga, asilitikise hata kidogo, huku sisimizi wakitoka kwenye vinundu vyeusi vya tawi hilo na kumpanda mkononi hadi kwapani.

"Mzee, wananing'ata."

"Vumilia, mama." Mchoraji hakuinua macho kwenye karatasi. "Tukilikata, majani yatajikunja. Tukilifunga kamba, gome litachubuka. Mti wa asili huu, hauonewi."

Mwishowe akamgeuzia picha. Kila kitu kilikuwemo: miiba myeupe, vinundu na vitundu vyake ambamo upepo wa Endabash hupigia mluzi, hata sisimizi mmoja juu ya kinundu cha tatu. Pale palipokuwa na vidole vyake, mzee alikuwa amejaza majani.

"Na mkono wangu?"

"Mkono wa nini? Hiki ni kitabu cha miti." Akacheka mpaka akakohoa. "Usiachie kwanza. Bado kitundu kimoja sijakiona vizuri."

Akavua miwani, akainama juu ya tawi mpaka pua ikakaribia kugusa miiba, mirefu kama sindano za kushonea magunia. Jicho moja akalifumba. La pili akalikodoa.

Sisimizi akamwuma Natalia katikati ya vidole. Hakushtuka, mkono ulishakufa ganzi zamani. Alilitazama kwanza lile jicho, akalitazama vizuri, ndipo akafungua vidole.