Ratiba ya Watoto Wanne

Shule pekee ya mji ilipofungwa, Ndeshi aliamua kuwafundisha wanawe wanne mwenyewe. Alasiri hiyo alikuwa akichora ratiba ya mwaka kwa mara ya tatu, kwa penseli, nyuma ya kalenda kuukuu. Kila alipopanga, hesabu za wote ziliangukia saa tatu asubuhi, wakati vichwa bado vyepesi.

"Hiyo saa tatu, mama, utajigawa mara ngapi?" aliuliza Kundaeli, binti yake mkubwa wa miaka kumi na mitatu, akicheka.

Ndeshi hakucheka. Mgongo ulimuuma. Alifumba macho, midomo ikimchezacheza kwa sala.

"Basi lifute jina langu," Kundaeli alisema taratibu. "Nitawafundisha wadogo. Mimi naweza kungoja."

Ndeshi akafumbua macho. Alipokuwa na umri huohuo, naye alimwambia mama yake hivyo. Masomo yake anayangoja mpaka leo.

Aliusogeza ufutio mbali. Akachukua kalamu ya wino, akalikoleza jina la Kundaeli juu ya penseli, herufi moja moja, huku saa tatu ikiwa bado ina wanafunzi wanne na mwalimu mmoja.