Kijiti Kisichosita

Siku hizi Baraza la Watoto halijali sana umeandika nini. Linatazama kile kijiti kinachopepesa kwenye skrini pale unapoandika. Kikisimama, umesita, na aliyesita anadanganya.

Mke wangu, Mwanaidi, huandika kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa mtama, na tulikuwa tunaliomba Baraza ruhusa ya kumlea mjukuu wetu, Sauda. Basi mimi, fundi wa kujifundisha, niliyewahi kuifanya redio iimbe taarabu bila betri, nikatunga kiprogramu. Kinauliza skrini: kijiti kiko wapi, umbali gani kutoka kushoto, umbali gani kutoka juu? Kikikuta kimesimama, kinaliambia Baraza kinatembea.

"Tutakamatwa, mume wangu."

"Wewe donoa tu, bibi. Mengine niachie."

Maelezo yetu yakapita laini kama mafuta ya nazi. Wiki haikuisha, afisa akatuita, binti mpole wa ushungi wa kijivu.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu."

"Mmeandika jina la marehemu Nunu, mama yake Sauda. Binti yenu wa kumzaa?"

"Wa kumzaa," akajibu Mwanaidi.

"Mbona hukusita hata kidogo, bibi? Mama gani huyo?"

Siku ya kuandika maelezo, Mwanaidi alikwama kwenye jina hilo mpaka chai ikapoa, na kilio chake nilikificha mimi kwa kiprogramu changu.

Afisa akamsogezea kibodi. "Liandike tena hapa. Babu, mikono mezani."

Mwanaidi akaandika N. Kidole kikabaki hewani, kijiti kikasimama.

Afisa akaanza kuhesabu sekunde, taratibu, kwa sauti.