Gauni la Mke wa Kiguu-na-Njia

Fundi cherehani, ambaye mtaa mzima ulimwita Kiguu-na-Njia, alikata uzi kwa meno, akashtuka. Gauni limekwisha, na yeye bado amekaa!

Zamani angeshona mkono mmoja, akakumbuka chai, akaishia kwa kinyozi akibishana mpira, sindano imebaki kwenye kitambaa.

"Si uvivu, mzee wangu," daktari alimwambia. "Ubongo wako hautulii, tangu utotoni." Akampa vidonge, akamfundisha kumaliza kimoja kabla hajashika kingine.

Gauni lenyewe lilikuwa la mkewe. Siku aliyofungasha virago alisema, "Utalimaliza nikishazikwa."

Kifungo cha mwisho kilikuwa bado na joto la vidole. Akampigia. Simu ikapokelewa.

"Mama watoto, limekwisha. Njoo ulijaribu."