Spana ya Pili

Sekela aliambiwa achague mashine moja ya kupimia mawimbi ya redio ibaki maabara. Ile ndogo, mtu mmoja angeimudu. Ile kubwa ilikuwa na waya mzito: mmoja aushike kwa spana usizunguke, mwenzake akaze nati inayouunga na mashine mpaka spana yake ilie tak, ishara kwamba inatosha. Kwa miaka kumi na moja mshikaji alikuwa mzee Chande, na kila ikilia alikuwa akisema, "Imeshika." Walimzika mwezi uliopita.

Mkuu alichungulia mlangoni. "Umechagua ipi, dada?"

"Kubwa."

"Si inataka watu wawili hiyo?"

"Ndiyo, bosi."

Alipoondoka, Sekela aliweka spana ya Chande upande wa pili wa meza, akaubana waya kwa kiwiko, akakaza. Tak. Akangoja, mkono ungali kwenye nati.