Rekodi ya Saa Nne Asubuhi

Siku ya mwisho ya rekodi ile kuishi, fundi cherehani aliwahi ofisi ya leseni kabla hata ya mfagizi. Binti yake alimfuata nyuma kama mtu anayepelekwa kuchomwa sindano.

"Mama, turudi. Watatufukuza tena."

"Wakitufukuza, tutakuwa tumepunga upepo wa feni yao."

Karibu miaka saba walikuwa wakifukuzwa. Mwanawe wa kiume, aliyekuwa akisambaza kwa gari sare za shule alizozishona mama, alifungwa maisha. Walisema amemuua mlinzi wa ghala, saa nne asubuhi. Hukumu imeshatoka, ndipo barua ya faini ikafika nyumbani: siku ileile, saa nne ileile, gari lao lilinaswa na kamera ya mwendo kasi kwenye barabara ya mlimani, mji mwingine kabisa. Fundi alicheka peke yake mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mtu hawezi kuua huku na kukanyaga mafuta kule.

Kesho yake binti akawashia jiko barua ile. Alisema alidhani ni karatasi ya vipimo.

Ikabaki rekodi ya ofisini, nayo hufutwa ikitimiza miaka saba.

Kwenye dirisha la leseni, karani mwenye miwani alikuwa na wimbo mmoja tu: "Rekodi ya dereva anaiona dereva mwenyewe. Au polisi. Au mahakama. Au mwajiri, dereva akisaini."

"Na aliyemzaa dereva?"

"Huyo hayumo, mama."

"Kumbe ni polisi waliopata uchungu."

Saini moja tu ingetosha, lakini mwana hakuitoa. Kila mwezi fundi alipeleka fomu gerezani. Kila mwezi ilirudi nyeupe kama shuka ya mgeni. "Achana nayo, mama," mwana alikuwa akisema, macho sakafuni. "Wewe kula, lala. Mimi nimeshazoea." Wakili naye alisema bila karatasi hakuna kesi ya kufungua. Fundi akaona jela imemla mwanawe mpaka hamu ya kutoka. Akazidi kushona, akazidi kwenda, soli za viatu zikamwisha.

Leo mwenye miwani hakuwepo. Alikuwepo msichana mpya, ambaye kazi ilikuwa bado haijamtoa tabia ya kuuliza.

"Gari lilikuwa la nani, bibi?"

"Langu. Kadi ina jina langu."

"Sasa mbona unapanga foleni hapa? Kosa la kamera linaandikwa kwenye gari. Mwenye gari anaonyeshwa, wala hasaini mtu. Nenda dirisha la tatu."

Dirisha la tatu lilikuwa hatua nne kutoka pale. Fundi alizihesabu. Miaka saba na hatua nne.

Binti alimshika kiwiko. "Mama, nakuomba. Twende nyumbani."

"Niachie mkono. Leo kaka yako anatoka."

Karani wa dirisha la tatu, mwanamume mnene mtafuna kalamu, alipokea kadi ya gari, akabofya, akasubiri, akabofya tena.

"Una bahati, mama. Kesho asubuhi mashine inazifuta zote za wiki hiyo."

"Bahati gani hiyo, mwanangu? Ingekuwa bahati ingekuja na viatu."

Karani alicheka. Mashine ya kuchapa ikakoroma, ikatema karatasi moja yenye joto. Namba ya gari, yenyewe. Tarehe, yenyewe. Saa nne na dakika sita. Chini yake, picha ya kioo cha mbele, safi kabisa, mtu ungeweza kuhesabu vifungo vya shati.

Fundi alivaa miwani ya kutungia uzi. Aliitazama picha ile muda mrefu, mpaka wa nyuma yake kwenye foleni akakohoa. Binti hakukohoa. Alikuwa ameketi kwenye benchi, kajifunika uso kwa mikono miwili.

Pichani, ndiye aliyekuwa ameshika usukani, peke yake garini. Kaka yake hayumo.

Fundi aliirudisha karatasi dirishani, akaisukuma kwa kidole mpaka ikamfikia karani.

"Mwanangu," alimwambia polepole, "kesho ni mbali. Hamwezi kuifuta leo?"