Pumzi ya Mtaa

Tangu darasa la yoga ya Ashtanga lifanywe la lazima kila alfajiri, mtaa wote ulikuwa na pumzi moja. Kifua kimoja kikipanda, vyote hupanda. Ugomvi uliisha, hata wenye presha walipata nafuu.

Siku mumewe alipofariki, Nakiete, mama yake Sifuni, alimfunika shuka, akavuta pumzi apige yowe. Papo hapo majirani wakaanza kutweta. Mwalimu Senzia akawaita haraka. Wakaja na mikeka yao, wakalala chali uani, macho wameyafumba, kama wafanyavyo mwisho wa darasa.

"Pole, Mama Sifuni," mwalimu akasema mlangoni. "Vuta taratibu. Sasa shusha."

"Mwalimu, niacheni nimlilie mume wangu!"

"Si tunakusaidia, mama? Shusha."

Uani wakashusha pumzi wote kwa pamoja, na kilio kikamfia Nakiete kooni. Kifua chake kikaanza kupanda na kushuka polepole, apende asipende.

Ndipo alipoliona shuka. Lilikuwa likipanda na kushuka pamoja nao.

Akapenyeza mkono chini yake, akaushika wa mumewe. Ulikuwa wa baridi vilevile.